Cessna: Mkulima Aliyepanda, Wengine Wakavuna

Neno la kusoma: Yohana 4:34-38 na 1 Nyakati 22:1-10



Sauti ile mnaijua. Kwanza inasikika nyuma ya mlima, ndogo kama ya nyuki, kisha inakua. Watoto wanaacha chakula na kukimbia. Mtu mmoja anafukuza mbuzi kwenye kiwanja. Ndege ndogo inazunguka mara moja kutazama kama njia ni safi, inashuka, inarukaruka juu ya majani, inasimama. Vijana wanashusha katoni za dawa. Mama aliyeshindwa kujifungua kwa siku mbili anainuliwa na machela yake na kuingizwa ndani. Muda si mrefu kiwanja kinakuwa kimya tena, na mama yule yuko njiani kwenda kwa daktari. Kwa miguu au kwa pikipiki, katika matope ya barabara zetu, angefika baada ya siku tatu, kama angefika.

Wengi wetu tumewahi kuona neno lililoandikwa kwenye ndege ya namna hiyo: CESSNA. Wengine wanadhani hilo ni jina la kampuni tu. Wengine wanaita kila ndege ndogo kwa jina hilo. Lakini Cessna ni jina la mtu, na mtu huyo alikuwa mkulima. Leo tutasimulia maisha yake. Hatumleti hapa kama mtakatifu wala nabii. Bwana Yesu mwenyewe alipofundisha alichukua mifano ya wapanzi, wavuvi na wenye mashamba ya mizabibu, akatuonyesha Ufalme wa Mungu kupitia kazi za watu wa kawaida. Nasi tutamtazama mkulima huyu hivyo hivyo.

Mtoto wa shamba

Clyde Vernon Cessna alizaliwa tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1879, katika jimbo la Iowa huko Marekani. Alipokuwa bado mtoto mdogo, wazazi wake walihamia jimbo la Kansas, katika eneo la Kingman, ambako serikali ilikuwa inawapa watu ardhi ya kulima. Ni nchi tambarare, yenye upepo mwingi na miti michache. Maisha yao yalikuwa jembe, ngano na ng'ombe.

Clyde hakusoma sana. Aliacha masomo mapema ili kufanya kazi ya nyumbani, kama watoto wengi wa wakulima wa wakati ule. Lakini alikuwa na mikono yenye akili. Mashini ya shamba ikiharibika, yeye ndiye aliyeifungua, akaitazama, akaielewa na kuirudisha kazini. Majirani wakaanza kumwita kwa mashini zao. Baadaye, magari yalipoanza kuonekana, alijifunza kuyatengeneza, kisha akawa muuzaji wa magari katika mji wa Enid, jimbo la Oklahoma. Mwaka 1905 alimwoa Europa Dotzour, na Mungu akawapa watoto wawili, mvulana Eldon na msichana Wanda.

Alipofika umri wa miaka 31, Clyde alikuwa na mke, watoto, nyumba na biashara iliyokwenda vizuri. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hatafuti mambo mapya. Anajenga ukuta kuzunguka alichonacho na kuketi.

Siku aliyoona ndege

Tukumbuke wakati wenyewe. Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, watoto wa askofu, walikuwa wameruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1903. Ruko la kwanza lilidumu sekunde 12 tu, mwendo wa mita 37. Mwaka 1909 Mfaransa Louis Blériot alivuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza kwa ndege yenye bawa moja. Dunia nzima ilishangaa.

Mwanzoni mwa mwaka 1911 kundi la marubani lilifika Oklahoma City kufanya maonyesho. Clyde Cessna akaenda kuyatazama. Watu maelfu walipiga makofi siku ile, kisha wakarudi nyumbani kula. Cessna alirudi nyumbani akiwa amebadilika. Aliona namna ndege zilivyoundwa, akawaza: mimi pia naweza.

Hakuishia kusema tu. Alisafiri mpaka New York, kwenye kiwanda kilichounda ndege kwa mfano wa ile ya Blériot. Akafanya kazi humo majuma kadhaa ili aone kwa macho yake namna mbao, nyaya na vitambaa vinavyounganishwa. Kisha akatoa sehemu kubwa ya akiba yake, akanunua mwili wa ndege bila injini, akausafirisha kwa treni mpaka Oklahoma. Injini aliitafuta yeye mwenyewe na kuifunga kwa mikono yake. Ndege ile akaiita Silver Wings, yaani Mabawa ya Fedha.

Uwanja wa chumvi

Katika Oklahoma kuna mahali panapoitwa Great Salt Plains. Ni uwanda mkubwa uliofunikwa na chumvi, mweupe na bapa kama meza, bila mti wala nyumba. Cessna alichagua mahali hapo ili ajifunze kuruka. Na hapo ndipo shida zake zilipoanza.

Hakuwa na mwalimu. Ndege yenyewe ilikuwa na kiti kimoja tu, kwa hiyo hata angempata mwalimu, asingeweza kuketi karibu naye. Kila jambo alipaswa kujifunza akiwa peke yake, na kila kosa alilipia kwa mwili wake na mfuko wake. Alijaribu, ndege ikapinduka. Akaitengeneza. Alijaribu tena, ikainuka kidogo, ikainama upande mmoja, ikajigonga chini, mbao zikavunjika. Akaitengeneza tena. Injini ilipokosa nguvu, aliifungua na kuanza upya. Siku moja alianguka vibaya hata akapelekwa hospitali.

Inasimuliwa kwamba alishindwa mara kumi na mbili. Watu waliokuja kutazama walianza kumcheka. Nanyi mnajua kicheko cha majirani. Mtu anapoanza jambo, wanamwita mwenye maono, anapoanguka mara ya tatu, wanasema, "Si tulimwambia?" Akiba ilikuwa inakwisha, na biashara ya magari ilikuwa inaachwa nyuma.

Inasimuliwa pia kwamba kwa hasira Cessna alitoa kiapo. Alisema atarusha kitu hiki, na siku atakapokirusha atakichoma moto, na hatashughulika tena na ndege maisha yake yote.

Wapendwa, hapa tusimame kidogo. Ni nani kati yetu hajasema neno kama hilo? Mama amechoka na mtoto mkaidi, mchungaji amechoka na kanisa linalonung'unika, mwanakwaya amegombana na wenzake. "Namaliza hili tu, kisha naacha kabisa!" Mhubiri sura ya 5 anatuonya tusiwe wepesi wa kutamka mbele za Mungu. Kitabu cha Waamuzi sura ya 11 kinatuonyesha Yeftha, aliyefungwa na maneno ya kinywa chake mpaka nyumba yake ikajaa kilio. Hasira inaweza kumsukuma mtu siku moja, lakini haifai kuwa mshauri wake wa kudumu.

Katika jaribio la kumi na tatu, ndege ikainuka na kukaa hewani. Kabla ya mwaka 1911 kwisha, Cessna alikuwa ameweza kuruka, kugeuza na kurudi kutua mahali alipoanzia bila kuvunja kitu. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kuinuka ni rahisi kuliko kurudi chini salama.

Na kiapo chake? Hakuichoma ile ndege. Moto aliouahidi kwa hasira haukuwashwa kamwe, nasi leo tunafurahi kwamba hakutimiza neno lake lile.

Miaka ya maonyesho na kurudi shambani

Kuanzia hapo Cessna akawa mtu wa maonyesho. Wakati wa joto alirusha ndege kwenye sikukuu na maonyesho ya wakulima, watu wakilipa ili kumwona. Wakati wa baridi alirudi kwenye karakana yake na kuunda ndege mpya, bora kuliko ile ya jana. Mwishoni mwa mwaka 1916 kampuni moja ya magari katika mji wa Wichita, Kansas, ilimpa nafasi ndani ya kiwanda chake. Hapo ndipo ndege za kwanza za mji huo zilipoundwa. Mwaka 1917 aliunda ndege aliyoiita Comet, iliyofikia mwendo wa karibu kilometa 200 kwa saa.

Lakini mwaka huo huo Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maonyesho yakakoma na soko likafungwa. Cessna, mtu aliyejulikana jimbo zima kwa kuruka, akarudi shambani. Kwa miaka saba hivi alikuwa mkulima tena, akivuna ngano yake na kupura ya majirani kwa mashini yake.

Ni rahisi kupita juu ya miaka hiyo saba kwa haraka, maana haina habari za kusisimua. Lakini kwake ilikuwa miaka ya kweli, asubuhi baada ya asubuhi. Wako wasomaji wetu walio katika miaka ya namna hiyo sasa. Walikuwa na kazi mjini, vita ikawatoa, leo wanalima shamba la kukodi ugenini. Walikuwa na huduma, mlango ukafungwa. Musa alichunga kondoo Midiani miaka arobaini. Shamba la ngano la Kansas halikuwa kaburi la Cessna, na shamba lako la mihogo pia si kaburi lako.

Watu watatu, mawazo mawili

Mwaka 1925 watu wawili walikuja kumtafuta, Walter Beech na Lloyd Stearman. Walikuwa vijana kuliko yeye, wenye ujuzi, lakini walihitaji mtu mwenye jina, fedha na vifaa. Pamoja naye walianzisha huko Wichita kampuni iliyoitwa Travel Air, naye Cessna akawa mkubwa wa kampuni hiyo. Ndege zao ziliuzwa vizuri.

Kisha kukatokea tofauti. Ndege nyingi za wakati ule zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yakishikamana kwa nguzo na nyaya nyingi. Beech aliziamini ndege hizo, maana zilikuwa imara na wateja walizizoea. Cessna aliamini bawa moja. Alisema nguzo na nyaya zile zinashika upepo na kuipunguzia ndege mwendo. Yeye alitaka bawa moja nene lililowekwa juu ya kichwa cha rubani, lenye nguvu yake ndani yake lenyewe, bila nguzo ya nje. Hata aliunda ndege ya bawa moja katika karakana yake kwa gharama yake ili aonyeshe kwamba inawezekana.

Mwaka 1927 aliuza sehemu yake, akaondoka. Kabla mwaka huo haujaisha, akawa na kampuni yenye jina lake, Cessna Aircraft Company, na ndege yake ya bawa moja lisilo na nguzo ikaruka. Beech naye baadaye alianzisha kampuni ya ndege yenye jina lake. Stearman alikuwa tayari ameanzisha yake. Watu watatu waliotengana, majina yao yote matatu yakaandikwa juu ya ndege.

Mnakumbuka Paulo na Barnaba katika Matendo 15. Walitofautiana juu ya Marko, wakaachana, na Injili ikaenda pande mbili badala ya upande mmoja. Si kila kuachana ni vita. Kuna kuachana ambako mtu anachukua sehemu yake, anaaga na kwenda kujenga mahali pengine. Na kuna kuachana ambako watu wanapigania viti, ngoma na funguo za kanisa mpaka mbele ya polisi. Tunajua ipi kati ya hizo inamletea Mungu utukufu.

Siku mbaya

Kampuni mpya ilianza vizuri. Kiwanda kikajengwa na watu wakaajiriwa. Tarehe 29 mwezi wa kumi 1929 serikali iliidhinisha ndege yao mpya iitwayo DC-6. Ingekuwa siku ya furaha. Lakini siku hiyo hiyo soko la hisa la New York lilianguka, na anguko lile likafungua njia kwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi dunia nzima. Nani angenunua ndege?

Cessna alijaribu kila njia. Aliunda hata ndege isiyo na injini, inayoteleza juu ya upepo, akaiuza kwa bei ndogo ili tu wafanyakazi wapate kazi. Haikutosha. Mwaka 1931 wenye hisa waliamua kufunga kiwanda. Mtu ambaye jina lake liliandikwa ukutani alijikuta nje ya mlango.

Pamoja na mwanawe Eldon, aliendelea kuunda ndege ndogo za mashindano katika nafasi ya kukodi. Zilikuwa za kasi kubwa. Mwaka 1933 moja kati yake ilivunja rekodi ya dunia ya aina yake, ikaenda zaidi ya kilometa 380 kwa saa. Lakini mwezi wa tisa mwaka huo huo, katika mashindano huko Chicago, rafiki yake Roy Liggett alirusha nyingine. Ndege ilivunjika hewani, na Liggett akafa.

Jambo hilo lilimvunja Cessna moyo. Alikuwa amevumilia kuanguka kwake mwenyewe mara nyingi, kuchekwa, vita, na kufungwa kwa kiwanda. Lakini kuanguka kwa mwenzake ndani ya kitu alichokiunda kwa mikono yake kulikuwa na uzito mwingine. Tangu hapo hamu ya kuunda ndege ilimtoka, wala haikurudi kama zamani.

Wapendwa, wengine kati yetu ni wepesi wa kutoa hukumu katika mambo kama hayo. Tunauliza ni dhambi gani, ni laana ya ukoo gani. Katika Luka 13 Bwana Yesu alitaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Roy Liggett alikufa kwa sababu ndege ilivunjika. Cessna alihuzunika kwa sababu alimpenda rafiki yake. Aliyefiwa anahitaji mtu wa kuketi naye na kulia naye. Asipate wa kumchunguza.

Watoto wa dada

Mwanzoni mwa mwaka 1934 vijana wawili walikuja kwa mjomba wao. Walikuwa watoto wa dada yake, Dwane na Dwight Wallace. Dwane alikuwa ametoka chuo kikuu, amesoma mambo ya uundaji wa ndege. Dwight alikuwa mwanasheria. Walitaka kufungua tena kiwanda kilichofungwa, nao walihitaji jina na baraka ya mjomba.

Hebu fikirini moyo wa mjomba. Alikuwa na umri wa miaka 54. Kampuni ilikuwa na jina lake. Vijana hawa walikuwa bado wadogo alipokuwa anaanguka kwenye uwanda wa chumvi. Angeweza kusema, "Nilipoteza damu yangu hapa, nanyi mnakuja na makaratasi ya shule?" Angeweza kukaa na ufunguo mpaka kutu ikala kufuli.

Hakufanya hivyo. Aliwaunga mkono mbele ya wenye hisa, wakapata kiwanda. Kwa muda alibaki na cheo cha mkubwa wa kampuni, lakini kazi yenyewe aliwaachia wao. Dwane alichukua wazo la mjomba, bawa moja juu lisilo na nguzo, akaliendeleza katika ndege mpya ya mwaka 1934 iliyoitwa C-34. Mwaka 1935 ndege hiyo ilishinda mashindano ya ndege zinazotumia mafuta vizuri kuliko nyingine. Fedha zilikuwa chache sana, hata zawadi ambazo Dwane alishinda kwa kuruka zilisaidia kulipa mishahara.

Mwaka 1936 Clyde Cessna aliwauzia vijana hao hisa zake, akarudi shambani Kansas. Hakuunda kampuni nyingine ya kushindana nao. Aliishi huko, mkulima kama alivyoanza, akisikia habari za jina lake likiruka mbali zaidi na zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia kiwanda kilitengeneza maelfu ya ndege za kufundishia marubani. Yeye alikuwa na ngano yake. Alifariki tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1954, akiwa na umri wa miaka 74.

Aliyokufa bila kuyaona

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1955, chini ya mwaka mmoja tangu mazishi yake, ndege iitwayo Cessna 172 iliruka kwa mara ya kwanza. Hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi kama hiyo: zaidi ya 44,000. Dwane Wallace aliongoza kampuni kwa karibu miaka 40. Zikaja nyingine, 182, 206, na mwaka 1982 ikaruka ile iitwayo Caravan.

Hizi ndizo zilizofika kwetu. Shirika la MAF, linalotumikia makanisa na hospitali kwa ndege, limekuwa Kongo tangu miaka ya 1960. Watu wa Ituri wa upande wa Bunia na Nyankunde hawahitaji kuambiwa habari zake. Na sababu ya kuchagua ndege za aina hii inaonekana kwa macho. Bawa liko juu, kwa hiyo halikwaruzwi na majani na vichaka vya kando ya kiwanja, na rubani anaona vizuri chini. Magurudumu hayakunjwi, ni imara, yanavumilia mawe na matope. Caravan ina mlango mpana wa mizigo, inatua kwenye kiwanja kifupi cha udongo, na injini yake inatumia mafuta yaliyo ndugu ya mafuta ya taa, ambayo ni rahisi kupatikana kuliko petroli maalumu ya ndege ndogo za zamani.

Clyde Cessna alikuwa anawaza ngano na maonyesho ya Kansas. Hakuunda ndege kwa ajili ya mama wa kijiji chetu. Hakujua mlima wetu una jina gani. Lakini kama angeichoma ile Silver Wings siku ya hasira, au kama angekataa kuwaachia watoto wa dada yake, jina lile lisingekuwa kwenye ndege inayotua kwetu.

Tujifunze nini?

Neno tulilosoma katika Yohana 4 lina mpanzi na mvunaji, nao si mtu mmoja. Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba walikuwa wanaingia katika kazi ambayo wengine waliitaabikia. Na katika 1 Nyakati 22 tunamwona Daudi. Alitamani sana kujenga nyumba ya Mungu. Mungu akasema hapana, atakayejenga ni mwanao. Daudi hakununa. Alikusanya mawe, chuma, shaba na mierezi, kisha akamwita Sulemani na kumwachia. Kukusanya mawe kwa ajili ya nyumba utakayoijenga wewe ni kazi rahisi. Daudi aliyakusanya kwa ajili ya nyumba ambayo hataingia.

Hapa neno linatugusa sisi Wapentekoste kwa namna ya pekee. Makanisa yetu mengi yalianzishwa na mtu mmoja aliyefunga na kuomba, akalala njaa, akachekwa, akaanza chini ya mwembe na watu saba. Tunamshukuru Mungu kwa watu hao. Lakini ni makanisa mangapi yamepasuka kwa sababu mwanzilishi hakutaka kuwaachia vijana aliowabatiza yeye mwenyewe? Ni vijana wangapi wamekwenda kufungua kanisa jingine ng'ambo ya barabara, si kwa maono, bali kwa kukosa nafasi ya kupumua? Na upande wa pili, ni vijana wangapi wanaotaka ufunguo bila kumpa mzee heshima ya jina lake? Watoto wa Wallace hawakufuta jina la mjomba ukutani. Waliliacha, nalo liko mpaka leo.

Baba, mama, mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwenye karakana: unachokijenga ni kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya kiti chako, kitazikwa pamoja nawe. Kama ni kwa ajili ya watu, itafika siku utawaita watoto wa dada yako, utawaonyesha namna ya kushika, kisha utatoa mkono wako.

Na wewe unayevuna leo, unayepanda ndege, unayeingia kanisa lenye mabati, unayesoma Biblia kwa lugha yako, jua kwamba kuna mtu alianguka mara kumi na mbili kabla yako. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha nawe upande kitu ambacho hutakivuna.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya maombi

1. Ni neno gani nililolisema kwa hasira ambalo ningefanya vizuri kutubu badala ya kulitimiza?
2. Katika familia, kazi au huduma yangu, ni nani ninayemwandaa kuchukua nafasi yangu? Je, yeye mwenyewe anajua kwamba ninamwandaa?
3. Je, yuko mzee aliyepanda kile ninachovuna leo, nami sijawahi kumwambia asante? Nitamtembelea juma hili?

Tuombe

Bwana wa mavuno, tunakushukuru kwa wote waliotaabika kabla yetu, tunaowajua na tusiowajua. Wafariji waliofiwa. Walio katika miaka ya kimya, wape nguvu za kuamka kila asubuhi. Wazee wetu uwape moyo wa kuachia, na vijana wetu moyo wa kuheshimu. Walinde marubani wanaopita juu ya misitu yetu, na kila mgonjwa anayengoja sauti ile nyuma ya mlima. Katika jina la Yesu, Amina.